Sinakosa na Pikapu Inayogongwa Nyuma

Pikapu ya fundi vioo ilikuwa na sura mbili. Ukisimama mbele utadhani imetoka dukani juzi: taa zinang'aa, boneti imenyooka, hata nembo ya kiwandani bado imekaa mahali pake. Zunguka nyuma sasa. Pole sana. Nyuma palipigwa, pakanyooshwa, pakapigwa tena, pakapakwa rangi inayokaribia ile ya mwanzo. Inakaribia tu, haijafika. Bampa lenyewe lilikuwa viraka vitupu kama godoro la bweni.

"Na katika yote hayo," fundi alikuwa akimwambia kila mtu, hata ambaye hajauliza, "mimi sina kosa."

Ndipo mtaa ukambatiza Sinakosa. Watoto wanamwita Mzee Sinakosa, mama wa duka la jirani anamwita Baba Sinakosa, na fundi wa mageti ya chuma wa upande wa pili wa barabara, ambaye adabu aliisahau kwao, anamwita Sina, basi. Jina la kwenye kitambulisho walikuwa wanalijua mkewe na kampuni ya bima. Na hao wa bima, jamani, walikuwa wamelizoea mno.

Lakini hamtaelewa habari ya kugongwa bila kuelewa kwanza habari ya kazi.

Karakana yake ni chumba kimoja kirefu chenye meza iliyotandikwa zulia kuukuu. Vioo vimeegemezwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Kuna kopo la mafuta ya taa la kuchovya kikatio, kuna rula ya chuma ndefu kuliko fundi mwenyewe, na kuna vidole vya fundi, ambavyo sijui ni lini vyote vilikuwa wazi bila hata kimoja kufungwa plasta. Vioo vya madirisha anakata, lakini moyo wake uko kwenye vioo vya kujitazamia: vya saluni, vya makabati, vya zile kumbi za mazoezi ambako mtu ananyanyua chuma kwa mkono mmoja na kujipenda kwa macho mawili.

Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa mkali kama pilipili na alimwachia sheria mbili. Ya kwanza: kioo cha kujitazamia kina uso na mgongo. Uso ni mgumu, hauna wasiwasi. Mgongo ndio una rangi, na rangi hiyo ikichubuliwa na kamba au kokoto, mbele panatokea doa jeusi na mteja hakulipi. Kwa hiyo ukikipakia, mgongo ulale kwenye blanketi, uso utazame nje. Daima. Na Sinakosa akafanya hivyo daima: anakisimamisha kioo nyuma ya kibanda cha dereva, blanketi katikati, anakifunga kamba kwenye kona, uso umeangalia barabara inakotoka.

Sheria ya pili: fundi wa vioo hajitazami. "Ukijiona wewe," yule mzee alikuwa akisema, "ujue kioo hujakiona." Unatakiwa uone mkwaruzo, uone wimbi, uone povu la hewa. Basi Sinakosa akajizoeza. Miaka kwa miaka anasimama mbele ya vioo kutwa nzima na hajioni hata kidogo. Macho yake yanapita kwenye sura yake kama basi linalopita kituo kisicho na abiria. Hata ndevu ananyoa kwa kupapasa.

"Upande wa kushoto umesahau tena," mkewe humwambia asubuhi.

"Wapi?"

"Hapo chini ya taya. Penye bustani."

Anapapasa, anasema ameiona, anaondoka na bustani yake.

Sasa kugongwa. Wa kwanza alikuwa kijana wa suti anayewahi usaili wa kazi. Pikapu imesimama zake kwenye taa nyekundu, imetulia kabisa, mara puu! Kijana akashuka, tai imenyooka, nywele zimelala vizuri, akasema, "Samahani baba, sikukuona."

"Hukuniona? Pikapu nzima na mzigo wake?"

"Kweli baba, sikukuona."

Wa pili alikuwa dada mmoja mwenye gari dogo jekundu. Naye hakuona. Jicho lake la kulia lilikuwa limepakwa wanja safi kabisa. La kushoto wanja ulianzia kwenye kope ukaenda moja kwa moja mpaka sikioni. Fundi alimwonea huruma, akadhani ndiyo mitindo ya siku hizi. Wa tatu, dereva wa gari la maji, alishuka na kidole bado kiko kwenye chunusi ya puani. Wa nne hakushuka kabisa, alikimbia, ila kabla ya kukimbia fundi alimwona wazi kupitia kioo cha pembeni: kafungua mdomo mpana, anakagua jino la mwisho.

Nyie mnaosoma mmeshaelewa. Najua. Mmeelewa tangu kwenye wanja. Lakini jiwekeni mahali pake: yeye yuko mbele, anaendesha. Kioo cha katikati kinamwonyesha blanketi. Pikapu yake hajawahi kuiona ikiwa barabarani, kwa nyuma, imebeba kioo, hata siku moja. Na kujitazama kwenyewe ni kitu alichokwisha kukisahau, sasa atajuaje kama wenzake wanakifanya?

Kila mara trafiki alikuja, akapima, akasema lile lile: aliye nyuma ndiye mwenye kosa. Fundi anapewa karatasi yake, anaipeleka bima, pikapu inaenda gereji, maisha yanaendelea. Mpaka siku ya kukata bima upya.

Wakala wa bima alikuwa binti mcheshi mwenye meza ndogo, feni kubwa na simu mbili zinazopokezana kulia. Fundi alipoona bima ya mwaka mpya imeandikwa shilingi ngapi, alivua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Binti, hapa mmekosea. Ada imepanda."

"Hatujakosea, baba. Ni sababu ya madai."

"Madai gani? Mimi ndiye ninayegongwa!"

"Ndiyo, na kila ukigongwa unakuja kudai. Yule aliyekimbia, nani alilipa gereji? Sisi. Yule wa gari la maji, bima yake ilikuwa imekufa, nani alilipa? Sisi tena. Lile punguzo lako la mtu asiyedai limeondoka, na juu yake wameongeza kidogo."

"Kidogo? Hiki ni kidogo cha nani, binti? Cha tajiri gani?"

Binti akacheka, kisha akajikaza. "Baba, nikuambie ukweli. Kuna kampuni zinasema, kama huna kosa hatukupandishii. Sisi tunapandisha. Kompyuta yetu haiulizi nani kakosea, inauliza gari gani linarudi rudi. Gari lililogongwa mara nyingi, inaamini litagongwa tena. Labda unapita barabara mbaya. Labda unatembea saa mbaya. Labda unapiga breki za ghafla."

"Kwa hiyo kugongwa ni tabia yangu? Nina uso wa kugongwa?"

"Siyo uso, baba. Ni nyuma."

Fundi akasema atahamia kampuni nyingine. Binti akamwambia karibu, lakini huko nako watauliza historia, na akidanganya halafu wagundue, siku ya kugongwa hatalipwa hata bawaba. Kisha akasogeza feni pembeni na kushusha sauti, kama daktari.

"Na kuna jingine. Makao makuu wananong'ona kuna mchezo. Kuna watu wanasimama makusudi wagongwe, walipwe. Sisemi wewe, baba, mimi nakujua. Lakini wanamtuma mkaguzi. Akiandika vibaya, hawakukatii bima tena. Na ukikataliwa na mmoja kwa udanganyifu, wengine nao watakukimbia."

Mtu aliyejengewa jina zima juu ya kutokuwa na kosa, leo anaitwa tapeli! Alirudi nyumbani. Pikapu bila bima haitoki getini, na kioo chenye ukubwa wa mlango hakibebwi begani. Alikwisha kuvisukuma kwa mkokoteni ujanani, na mgongo wake bado unakumbuka.

Mkewe alimsikiliza huku anakunja nguo, akamaliza mashati yote kabla ya kusema.

"Mimi nilikuambia. Ni breki zako. Wewe ukikanyaga breki ni kama umeona mende."

"Mama watoto, nakanyaga taratibu!"

"Taratibu? Juzi nilimeza pipi nzima."

Ieleweke kwamba mkewe anajua anachosema. Ana leseni, tena aliipata kihalali kabisa, enzi zile alipokuwa karani wa shule ya udereva na wakawa wanawafundisha wafanyakazi bure. Tatizo ni kwamba usukani wa pikapu alikuwa hapewi. Ukimuuliza fundi kwa nini, anasema vioo. Ukimuuliza mkewe, anasema wivu.

Mkaguzi alifika siku hiyo fundi anapakia kioo cha saluni, kirefu, cha ukuta mzima. Kijana mtanashati huyo! Shati limembana, viatu vinaita, na ndevu zimechongwa kwa mstari ulionyooka kuliko rula ya karakana. Hata mafuta ya taa yalinyamaza harufu yake ilipoingia.

"Mzee," akasema, "leo fanya kazi yako kama kawaida. Mimi nitakuwa nyuma yako naangalia breki."

"Hapana," mkewe akadakia kutoka mlangoni. "Bwana mkaguzi, huyu akijua unamtazama ataendesha kama amebeba bibi harusi. Utaandika malaika, kesho kutwa anagongwa tena. Niendeshe mimi. Nikifika salama, basi ugonjwa uko kwenye mguu wake. Nikigongwa, mguu wake hauna hatia, mtafute pengine."

"Mama watoto, vioo..."

"Wazo zuri," akasema mkaguzi. "Mzee, wewe panda na mimi."

Hivyo ndivyo Sinakosa, kwa mara ya kwanza tangu ainunue ile pikapu, alivyokaa nyuma yake ikiwa barabarani.

Mwanzo alikuwa anamchunga mkewe tu. Mguu wake wa kulia ukawa unakanyaga breki ambayo haipo. "Taratibu kwenye tuta," anakiambia kioo cha mbele. "Washa taa ya kukata kona. Ehee. Siyo mbaya." Iliuma kidogo, lakini mama alikuwa anaendesha vizuri. Pikapu inateleza kama sabuni.

Halafu wakaingia barabara kuu, jua likapiga kule juu, na fundi akaona gari linakuja mbele yao.

Lilikuwa gari la mkaguzi. Ndani yake wamekaa watu wawili. Dereva kijana, mzuri. Na pembeni yake mzee mmoja mnene wa mashavu, nywele zimeanza kurudi nyuma, na chini ya taya upande mmoja, Mungu wangu, kichaka.

"Yule mzee ni nani?" fundi akajiuliza, na mzee akamwangalia kwa mshangao ule ule.

Miaka yote ile ya kupita bila kusimama, leo basi limesimama kituoni. Fundi alijiona. Aliinua kidevu, mzee wa kule akainua. Aligeuza shingo akaitafuta bustani, akaipata, akaigusa. Kumbe kweli ipo! Kumbe huyu mama miaka yote anasema kweli! Akavuta tumbo ndani. Likaingia kidogo, likatoka.

Akataka kumwambia mkaguzi, "Bwana mdogo, hebu ona," akageuka. Mkaguzi alikuwa mbali. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine unapitisha kidole kwenye ule mstari wa ndevu, kutoka sikioni mpaka kidevuni. Akageuza shavu hili. Akageuza shavu lile. Akajitabasamia. Hakuridhika, akajitabasamia upya, la upande mmoja sasa, lile tabasamu la picha.

Mbele kule, bibi mmoja na kikapu chake alishuka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Mama watoto akakanyaga breki. Taratibu, laini, hata pipi usingemeza.

Puu!

Yule bibi akavuka, akawatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mlango wa pikapu ukafunguliwa. Mama akashuka, mikono kiunoni, akazunguka nyuma akaangalia bampa, akaangalia ndani ya gari la mkaguzi, akamwona mumewe, mkono bado umeshika taya.

"Mume wangu," akasema polepole, "umenigonga?"

"Siyo mimi, ni huyu."

"Wewe ulikuwa wapi asipige breki?"

"Nilikuwa..." Fundi akashusha mkono kutoka kwenye taya. "Nilikuwa natazama."

"Unatazama nini?"

Hapo fundi akashuka, akaenda kwenye kioo kwa mazoea, akakikagua kona kwa kona. Kizima. Halafu akarudi hatua chache, akasimama pale pale gari la nyuma linapokuwa, akakitazama tena, na zamu hii mambo yote yalimwangukia kwa pamoja: tai iliyonyooka, wanja wa sikioni, kidole puani, jino la mwisho.

"Wallahi," akasema. "Mimi nabeba saluni barabarani."

Mkaguzi alikuwa amemfikia, jasho linaharibu kola. "Mzee wangu, mama yangu, tuongee kiungwana. Bampa nalilipa mimi, leo leo, mfukoni kwangu. Tusiandike chochote. Mimi ni mkaguzi wa ajali, nikiandika nimegonga gari ninalolikagua, ofisini nitapona?"

"Na ripoti yetu?" mama akauliza.

"Nitaandika sijaona kitu."

"Sijaona kitu! Ndiyo hivyo hivyo wanavyosema wote!"

"Basi sikilizeni." Mkaguzi akashusha sauti. "Nikiandika ukweli, kwamba kile kioo ndicho kinawapumbaza madereva, makao makuu wanaweza kusema kumbe mzee ana mkono wake humu. Kumbe siku zote ana kosa. Mnataka hilo?"

Hapo ndipo fundi alipobanwa. Akinyamaza, anabaki na jina lake: Sinakosa, safi kabisa. Ila makao makuu watabaki na wasiwasi wao, na pikapu itabaki getini. Akisema, ataonekana si tapeli, lakini lile neno alilolibeba kwa mdomo mtaa mzima, linakwenda na maji. Akamtazama mkewe. Mkewe alimwangalia tu pale chini ya taya, kwenye bustani aliyomwambia miaka na miaka.

"Andika," fundi akasema.

"Niandike nini, mzee?"

"Ulichokuwa unafanya."

"Nilikuwa naangalia hali ya barabara kwa ujumla na..."

"Ndevu," akasema mama. "Nilikuona kwenye kioo cha pembeni. Andika ndevu."

"Na mimi niandike," fundi akaongeza. "Andika kioo kimefungwa uso nyuma, na mwenyewe sikujua. Andika abiria naye alikuwa anatazama tumbo."

Baada ya siku kadhaa binti wa bima akapiga simu, na kabla ya salamu alikuwa ameshaanza kucheka. Makao makuu wamesoma ripoti mara mbili, ya pili kwa sauti, ofisi nzima. Mchezo haupo, jina lake limesafishwa. Aliyegonga bado ndiye mwenye kosa, maana hakuna sheria inayomruhusu dereva kujipamba. Bima atakatiwa, kwa sharti moja: kila kioo kifunikwe. Ile nyongeza imekatwa nusu.

"Nusu tu? Na lile punguzo langu?"

"Hilo utaanza kulijenga upya, baba, mwaka kwa mwaka. Historia huwa haifutiki, inazeeka tu. Usipodai, itazeeka haraka." Akacheka tena. "Ila usihuzunike. Ada ya mkaguzi imepanda kuliko yako."

Sasa vioo vinasafiri vimefunikwa pazia la zamani la sebuleni, lenye maua makubwa ya zambarau, na barabara nzima imelalamika. Trafiki wa kwenye mzunguko alimsimamisha.

"Mzee, kile kioo kiko wapi?"

"Nimekifunika, afande. Kinasababisha ajali."

"Mh." Afande akashika kofia yake, akaizungusha bila uhakika. "Nilikuwa nakitumia asubuhi. Haya, pita."

Na usukani siku hizi wanapokezana, maana fundi hana tena sauti juu ya breki za mtu. Kila akifungua mdomo, mama anauliza, "Kati yetu nani alimgonga mwenzake?" Anaufunga.

Juzi ilikuwa zamu yake kuendesha. Walisimama kwenye taa nyekundu, gari la nyuma nalo likasimama mbali, kwa heshima zake. Hakuna puu. Fundi akalitazama kwenye kioo cha pembeni kwa furaha. Kisha macho yakateleza kidogo, yakakutana na taya lililonyolewa likanyooka pande zote mbili. Akaligeuza hivi. Akaligeuza vile. Siyo vibaya kwa umri wake.

Honi zikaanza nyuma, moja, mbili, halafu kwaya nzima.

"Baba watoto! Taa ni ya kijani tangu jana!"

Akaingiza gia, akatoa mkono dirishani kuwaomba radhi wa nyuma.

"Hapo," akasema, "nina kosa."